Mawe ya Ukumbusho katika Njia ya Ujiji na Nyangwe: Uhakiki wa Maandiko

Utangulizi

Jiwe la ukumbusho lililosimamishwa kando ya njia ni matini. Lina mwandishi, hata kama jina lake halikuchorwa. Lina hadhira, yaani wapita njia. Lina fani yake, ambayo ni ufupi. Na lina maudhui, ambayo ni tukio moja lililochaguliwa kati ya mengi yaliyotokea mahali pale. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na utenzi, riwaya, tamthilia na masimulizi ya wazee. Maandiko ya mawe umewaachia wanahistoria na watalii. Lakini kwa watu wengi andiko la jiwe ndilo ukurasa pekee wa historia ya mahali fulani watakaousoma maishani mwao. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kulihakiki kwa makini yaleyale yanayotumiwa katika kuhakiki kitabu.

Makala hii inachunguza maandiko machache yanayohusu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Maniema. Maandiko hayo ni ya Ujiji (Tanzania), Mugere (Burundi), Bagamoyo (Tanzania) na Chitambo (Zambia), pamoja na mawili ya Ulaya yanayofungamana nayo. Hoja kuu ni hii: andiko mashuhuri kuliko yote, lile la Ujiji, ni nusu ya sentensi. Nusu yake ya kwanza iko Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo. Anayelisoma jiwe la Ujiji bila kuijua habari ya Nyangwe husoma matokeo bila sababu.

Maswali manne yanaongoza uchambuzi huu. Nani ndiye kiima cha andiko, yaani nani anapewa sifa ya kutenda? Kitenzi kiko katika kauli gani? Nani ameachwa, ingawa habari zake zilijulikana? Na lugha ya andiko ni ya nani?

1. Njia na lugha yake

Katikati ya karne ya 19 njia hii ilipitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa kuelekea pwani, na vitambaa, shanga, bunduki na baruti kuelekea bara. Ilipitisha pia lugha. Wapagazi, askari wa misafara, wapishi, wakalimani na wafanyabiashara walizungumza Kiswahili, na wengi wao waliitwa Wangwana. Kiswahili kinachozungumzwa Maniema, ambacho kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana, kilifika kwa miguu ya watu hao. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo, mawe ya njia hii si habari ya nchi jirani tu. Yanasimama juu ya barabara iliyoleta lugha anayoisoma, pamoja na yote mengine yaliyokuja nayo.

2. Jiwe la Ujiji

Andiko la Ujiji, kwa Kiingereza, linasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapo, Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Maneno hayo ni machache na ni wazi. Kiima ni Stanley, shamirisho ni Livingstone. Mbali na hao wawili, kitu cha tatu kilichotajwa ni mti.

Tuanze na waliokuwapo. Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1872, aliwataja wafanyabiashara waliosimama karibu na Livingstone siku ile, miongoni mwao Sayid bin Majid na Muhammad bin Sali. Alimtaja Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kuupokea msafara na kumsalimu kwa Kiingereza. Alimtaja Halima, mpishi, na viongozi wa msafara wake mwenyewe, kama Mubarak Bombay. Hivyo waliotunga andiko hawakukosa majina. Walikuwa nayo katika kitabu kilichosomwa na maelfu ya watu. Watu waliowapokea wageni wote wawili, waliokuwa na nyumba, baraza na chakula pale Ujiji, wamefutwa, na mwembe ukabaki. Wahenga husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jiwe hili mgeni amekuja, lakini mwenyeji hakupona.

Tarehe nayo inahitaji kuangaliwa. Siku ya 10 Novemba inatokana na hesabu ya Stanley. Livingstone, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe aliwasili Ujiji tarehe 23 Oktoba, aliandika kwamba Stanley alifika siku chache tu baadaye, yaani kabla mwezi wa Oktoba haujaisha. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani na wote wawili wangeweza kupoteza hesabu ya siku. Isitoshe, kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu siku ile ziling'olewa, jambo lililowafanya wachunguzi watilie shaka hata salamu maarufu inayodaiwa kutamkwa. Jiwe haliwezi kuonyesha shaka. Linachora tarehe moja, na kwa kuichora linaifunga hoja ambayo karatasi zimeiacha wazi. Hii si kasoro ya jiwe la Ujiji peke yake. Ni tabia ya fani hii, nayo inamdai msomaji awe macho zaidi anaposoma jiwe kuliko anaposoma kitabu.

Kasoro kubwa zaidi ni ya kitenzi. Kiingereza cha andiko kina mtu mmoja anayetenda na mwingine anayetendwa. Kiswahili hakiruhusu jambo hilo kirahisi. Kitenzi *kukutana* kimebeba kiambishi cha kutendeana ndani yake: hakuna anayemkuta mwenziwe pasipo mwenziwe kumkuta. Tena lugha yetu inatoa hatua moja zaidi, *kukutanishwa*, ambayo papo hapo inazua swali: na nani? Jibu la swali hilo ni Susi, ni viongozi wa msafara, ni wapagazi waliobeba mizigo kutoka pwani, ni watu wa Ujiji waliopeleka habari barazani. Anayelitafsiri andiko la Ujiji kwa Kiswahili atakuta kwamba sarufi yenyewe inamdai majina yaliyoachwa.

3. Jiwe la Mugere

Kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 10, kuna mwamba mkubwa unaotazama ziwa. Juu yake yamechorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871, ambapo mwezi umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Hakuna kitenzi.

Kwa sababu hakuna kitenzi, msomaji hukitia mwenyewe. Na kitenzi pekee anachokijua kinachounganisha majina hayo mawili ni *walikutana*. Ndiyo maana wapita njia wengi wameondoka Mugere wakiamini kwamba wameona mahali pa mkutano ule maarufu. Ukweli ni kwamba wasafiri hao walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Walipanda mtumbwi pamoja kwenda kuchunguza ncha ya kaskazini ya ziwa, na Mugere walipiga kambi tu.

Safari hiyo ilikuwa na swali moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wachunguzi wa Ulaya walikuwa wamebishana kwa miaka mingi, kwani baadhi yao walitumaini kwamba maji ya Tanganyika yanatiririka kuelekea Nile. Stanley na Livingstone waliona kwa macho yao kwamba Rusizi unaingia. Lakini kabla ya kuona waliambiwa. Katika maelezo ya Stanley, machifu wa ncha ile ya ziwa, Mukamba na Ruhinga, waliwapokea, na Ruhinga aliwaeleza habari za mto huo na vijito vyake. Wapiga makasia walijua njia. Kwa wenyeji swali hilo halikuwa swali.

Hivyo jiwe la Mugere lingeweza kuwa andiko la elimu ya wenyeji: hapa wageni walifundishwa mto unakoelekea. Badala yake limekuwa sahihi ya watu wawili juu ya mwamba. Tofauti kati ya mambo hayo mawili si ndogo. La kwanza linamwambia mtoto wa Burundi kwamba nchi yake ilijulikana na watu wake. La pili linamwambia kwamba ilianza kujulikana siku fulani ya mwezi wa Novemba.

4. Mlango, mti na bamba

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo nchini Zambia. Wenzake walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Safari hiyo imeacha maandiko matatu ambayo yafaa yasomwe kwa pamoja.

La kwanza ni la Bagamoyo. Katika mnara wa kanisa la zamani la misheni, mahali mwili ulipolazwa, andiko la Kiingereza linamwambia mgeni kwamba Livingstone alipita katika mlango huu. Kisarufi, maiti ndiye kiima, na kitenzi kiko katika kauli ya kutenda. Mswahili yeyote atasahihisha mara moja: hakupita, *alipitishwa*. Na akishasema hivyo atatakiwa kusema alipitishwa na nani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kitenzi kilichochaguliwa ili watu wasionekane. Waliotembea miezi mingi wakiwa na mzigo ule, wakipita katika nchi ambazo kubeba maiti kulikuwa hatari, wametoweka kwa sababu ya kauli ya kitenzi kimoja.

La pili liko London, sakafuni mwa kanisa la Westminster, ambako mwili ulizikwa tarehe 18 Aprili 1874. Bamba hilo linakiri kwamba alibebwa. Linasema aliletwa na mikono aminifu kupitia nchi kavu na bahari. Hapo kuna maendeleo: kuna kauli ya kutendwa na kuna mtenda. Lakini mtenda huyo ni mikono. Mikono haina jina, haina uso, haina kabila wala mshahara. Sifa waliyopewa ni uaminifu, sifa anayopewa mtumishi, wakati jambo lenyewe lilihitaji uamuzi, mipango, ujasiri na uongozi. Baadhi ya wasafiri wa Kizungu waliokutana na msafara ule huko Unyanyembe waliwashauri wauzike mwili palepale; wabebaji walikataa. Huo si uaminifu wa mikono. Ni uamuzi wa vichwa.

La tatu ndilo la kwanza kwa umri. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, India, alichonga andiko katika gome la mti wa mpundu kule Chitambo. Aliandika jina la Livingstone na tarehe 4 Mei 1873. Chini yake aliongeza majina ya baadhi ya viongozi wa msafara, yakiwamo yale yaliyosomwa kuwa Mniasere na Vchopere. Mti ulipoanza kuoza ulikatwa, mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwa shirika la wanajiografia. Mwaka 1902 nguzo ya mawe ilisimamishwa mahali pake.

Andiko la Wainwright linastahili kuheshimiwa na kila mhakiki wa fani hii. Lilichongwa na mtu aliyekuwapo, siku chache tu baada ya kifo, kwa ajili ya wale watakaopita. Yeye alijua jambo ambalo waandishi wa mabamba ya baadaye walilisahau, kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja ni kumbukumbu ya waliokuwa naye. Majina ya wabebaji yako juu ya gome lilelile lenye jina la bwana wao. Hata tarehe ni jambo la kutafakari: mti unasema tarehe 4 Mei, bamba la Westminster linasema tarehe 1 Mei. Ulaya ilipochagua siku yake ya kuandika, haikuchagua ile iliyochongwa na Mwafrika aliyesoma sala ya maziko.

5. Nyangwe: nusu iliyoachwa

Sasa inafaa kuuliza swali ambalo jiwe la Ujiji haliulizi: Livingstone alikuwa akifanya nini chini ya mwembe ule? Alikuwa ametoka Ujiji mwaka 1869 kwenda Maniema, akitafuta kujua kama Lualaba ndio chanzo cha Nile. Alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akakaa hapo kwa miezi zaidi ya mitatu akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Hakuipata. Mipango yake ilikuwa kwenda mbele, si kurudi.

Nyangwe ilikuwa soko. Siku za soko watu walivuka mto kwa mamia, wengi wao wanawake, wakileta samaki, mihogo, mafuta ya mawese, vyungu, kuku, chumvi na vitambaa vya nyuzi za miti. Livingstone alipenda kukaa pale na kuwatazama. Aliandika kuhusu ucheshi wao, ukali wao katika kupatana bei, na jinsi soko lilivyoheshimiwa hata na watu waliokuwa na ugomvi kati yao. Soko lilikuwa na amani yake, na amani hiyo ilikuwa ni sheria.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya joto, watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika. Watu wenye bunduki wa msafara wa Dugumbe bin Habib waliingia sokoni. Ubishi ulizuka kuhusu bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Watu walikimbilia kijito ambamo mitumbwi ilikuwa imefungwa, na kundi jingine likawapiga risasi papo hapo. Wengi walijitupa katika Lualaba wakajaribu kuogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, nao mto ukawachukua. Upande wa pili wa mto, watu wa Tagamoio walikuwa wakichoma vijiji. Livingstone aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Dugumbe alituma chombo kuwaokoa baadhi ya waliokuwa majini. Wauaji walikuwa watu wa msafara wake.

Siku tano baadaye, tarehe 20 Julai, Livingstone aliondoka Nyangwe. Hakuweza tena kusafiri pamoja na watu wale, na hakuwa na njia nyingine ya kupata mitumbwi. Njiani watu wa Maniema walimrushia mikuki, wakimdhania kuwa mmoja wa wauaji. Alifika Ujiji akiwa amekonda na mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Hivi ndivyo alivyokuwapo chini ya mwembe.

Kwa hiyo pasipo Nyangwe hakuna Ujiji. Mkutano ambao jiwe linausherehekea ulitokea kwa sababu soko la wanawake wa Maniema lilipigwa risasi. Tena, barua alizozichukua Stanley kutoka kwa Livingstone zilibeba habari ya mauaji hayo hadi Uingereza, zikachangia msukumo uliomfanya Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Waliokufa Nyangwe wako pande zote mbili za mkutano ule, katika sababu yake na katika matokeo yake. Katika andiko hawapo.

Ushahidi wenyewe una tabaka zaidi ya moja. Livingstone aliandika shajara ya Nyangwe juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Maandishi hayo yalififia. Mwaka 2011 wachunguzi waliyasoma upya kwa kuyapiga picha kwa miali ya mwanga wa namna mbalimbali, wakayalinganisha na yale aliyoyanakili baadaye, ambayo ndiyo yaliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Ulinganisho huo ulionyesha tofauti, na umezua mjadala kuhusu mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe siku zile. Kwa mhakiki hili ni somo: hata shahidi aliyelia kwa ajili ya waliouawa aliisahihisha habari yake. Na yeye ni shahidi mmoja, mgeni, aliyesimama kando. Walionusurika walikuwa wengi.

6. Hatari ya kulitumia kaburi

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni rahisi: liandikwe jiwe kuhusu ukatili wa wafanyabiashara wa utumwa. Lakini jiwe la namna hiyo lipo tayari, nalo linaonyesha hatari yake. Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels kuna mnara wa mwaka 1921 wa kuwakumbuka waasisi wa ukoloni wa Kibelgiji katika Kongo. Mojawapo ya maandiko yake linasema kwamba ushujaa wa kijeshi wa Wabelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya utumwa. Neno *Mwarabu* limefutwa na kurudishwa zaidi ya mara moja kutokana na malalamiko na mabishano.

Mabishano hayo yamehusu shamirisho. Kiima kimesahauliwa. Kiima cha sentensi si mtu, ni *ushujaa*, tena ushujaa wa taifa moja. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894, ambamo Nyangwe na Kasongo zilitwaliwa, vilipiganwa kwa sehemu kubwa na askari Waafrika na wapiganaji wa viongozi wa bara. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Gongo Lutete, aliyehama upande wa wafanyabiashara akajiunga na Dola Huru. Mwezi Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyo walimhukumu na kumwua kwa risasi. Andiko la Brussels halina nafasi kwake, si kama mshirika wala kama aliyeuawa.

Waliokufa Nyangwe walitumiwa kama hoja ya kuiteka nchi yao. Katika jina la kukomesha utumwa ikaja kazi ya kulazimishwa ya mpira na pembe. Kwa hiyo andiko lolote la Nyangwe litakalotaja wauaji bila kutaja jinsi kifo kile kilivyotumiwa litakuwa limeanza kujenga mnara wa pili wa Brussels, safari hii kwenye ukingo wa Lualaba.

7. Lugha ya andiko

Linabaki swali la lugha, ambalo kwa idara ya Kiswahili ndilo gumu kuliko yote. Ni rahisi kudai kwamba mawe ya njia hii yangeandikwa kwa Kiswahili badala ya Kiingereza. Dai hilo ni la haki: wapita njia wanasoma Kiswahili, na sarufi yake, kama ilivyoonekana, inawarudisha watenda waliofutwa. Lakini huko Nyangwe Kiswahili hakikuwa lugha ya shahidi asiye na hatia. Kilikuwa lugha ya misafara. Waliofyatua bunduki walikuwa watu wa misafara hiyo, na lugha yao ndiyo iliyobaki nchini baada yao.

Lugha hii imekwisha kuandika historia ya nchi hii kwa sauti zinazopingana. Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni Kiswahili cha mshindi: safari, pembe, vita na makubaliano, vikisimuliwa na aliyefaidika. Upande mwingine kuna historia ya mji wa Elisabethville, leo Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Hicho ni Kiswahili cha wale waliopika, waliofua na waliotumwa. Nao wanawataja mabwana zao kwa majina, na wanajitaja wenyewe. Maandiko hayo mawili yanathibitisha kwamba Kiswahili hakina upande kwa asili yake. Kinabeba upande wa anayekiandika.

Ndiyo maana kauli ya kutendwa, iliyosifiwa hapo juu, inaweza pia kudanganya. *Watu wengi waliuawa hapa* ni sentensi sahihi ya Kiswahili, nayo ni ya woga kama ule wa mlango wa Bagamoyo. Kauli ya kutendwa hudai *na nani*. Lakini haimlazimishi mwandishi kujibu. Andiko la haki litakuwa na *na*: waliuawa na watu wa msafara wa Dugumbe. Litataja wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wengi. Litataja soko, kwa kuwa kilichovunjwa siku ile pamoja na miili ni amani ya soko. Litasema kwamba idadi ni kadirio, na kadirio la nani. Na litaandikwa kwa Kiswahili pamoja na lugha ya wenyeji wa mto, ili lugha iliyokuja na misafara isiwe peke yake katika kuwasemea waliouawa.

Hitimisho

Maandiko yaliyochunguzwa hapa yanatofautiana kwa urefu na kwa mahali, lakini yanafuata mazoea mamoja. Ujiji inawataja wageni na mti. Mugere inataja wageni bila kitenzi, na msomaji anajaza uongo kwa nia njema. Bagamoyo inamfanya maiti atembee. Westminster inageuza watu kuwa mikono. Brussels inageuza jeshi la Waafrika kuwa ushujaa wa Wabelgiji. Ni mti wa Chitambo peke yake, uliochongwa na Jacob Wainwright kwa kisu, uliowaandika waliokuwapo.

Kazi inayofuata haihitaji shaba wala saruji. Majina ya wanawake wa soko la Nyangwe hayamo katika shajara ya Livingstone, kwani hakuyauliza. Yakiwa yamehifadhiwa popote, yamehifadhiwa katika koo za pande mbili za Lualaba: katika majina ya kurithi, katika habari za bibi aliyekwenda sokoni asirudi, katika majina ya vijito na visiwa. Wanafunzi wanaotoka Maniema wanazijua lugha zinazohitajika kuuliza, na wanajua ni mzee gani wa kuulizwa kwanza. Jiwe likija baada ya kazi hiyo litakuwa na kitu cha kusema. Likija kabla yake litarudia kosa la Ujiji, hata likiandikwa kwa Kiswahili safi.